Mlipakodi Mkubwa wa Tussvik

Oddrun Hestvik hakujua kusifia. Ukimwonyesha mtoto wako mchanga, atakuambia ana masikio makubwa. Ukimpikia supu ya samaki, ataimaliza yote, atafuta mdomo, kisha atasema chumvi imepungua. Siku ya harusi yake, mchungaji alipomuuliza kama anamkubali Tormod kuwa mumewe, alijibu, "Ndiyo, ingawa anakoroma." Kanisa zima la Tussvik liliangua kicheko, na mpiga kinanda akasahau zamu yake.

Kazi yake ilikuwa kuendesha greda la theluji la halmashauri. Ujanani alikuwa kiwanda cha samaki akipasua samoni matumbo, mikono ikifa ganzi ndani ya maji ya barafu. Akachoka, akavuka kutoka kisiwani kwetu kwenda bara, akarudi na leseni ya magari makubwa. Wanaume wa karakana walimcheka sana. Mmoja akamuuliza kama ataweka na mapazia kwenye greda. Oddrun akaenda nyumbani, akashona mapazia ya maua, akayatundika. Wale waliocheka wakastaafu mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki na greda lake na mapazia yake, na barabara zote za kisiwa zikawa zake.

Alikuwa na utaratibu ambao hata meya hakuthubutu kuuchezea. Theluji ikianguka, anaanza na nyumba ya wazee, ambako Tormod alikuwa mpishi. Kisha njia ya basi la shule. Kisha kwa daktari. Baada ya hapo anapanda mlima kwa wenye nyumba za juu, na huko juu kabisa, kwenye jumba la vioo, ndiko alikokaa Sigvald Brattli.

Sigvald alikuwa tajiri wa samaki. Vizimba vya samoni vilivyotapakaa kwenye hori lote, ule mkono wa bahari unaoingia kisiwani, vilikuwa vya Brattli, na boti zake, na malori yake. Kwetu kipato cha mtu si siri. Ukitaka, unamtafuta jirani yako kwenye kompyuta, unaona amepata nini na amelipa kodi gani. Shida ni kwamba naye anaona jina la aliyemtafuta. Kwa hiyo watu wa Tussvik hawatafuti. Wanasubiri gazeti la wilaya litoe majina ya vigogo, na mengine wanakisia, halafu wanasema wamesikia. Kwenye gazeti, jina la Sigvald lilikuwa juu kabisa kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akinunua nakala kadhaa.

Vuli ile, baada ya kodi ya utajiri, ile inayotozwa mali ya mtu, kupandishwa, Sigvald alisimama dukani mbele ya friji la maziwa na kusema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika: "Nimechoka kukamuliwa. Wenzangu wote wameshahamia Uswisi. Na mimi naangalia nyumba huko."

Kabla maziwa hayajalipiwa, habari ilikuwa imeshazunguka kisiwa.

Meya Ragnfrid, mwanamama mwenye roho nzuri na presha ya juu, akaita watumishi wote wa halmashauri ukumbini. Alikuwa mweupe kuliko karatasi aliyoishika.

"Jamani," alisema, "Sigvald akiondoka, tunabaki na kondoo na upepo. Katika kodi ya utajiri tunayopata hapa, yeye peke yake analipa zaidi ya nusu. Bwawa la kuogelea litafungwa. Nyumba ya wazee itabidi ihamishiwe bara."

Tormod, aliyekaa mstari wa nyuma, akavua kofia.

"Kwa hiyo kuanzia leo," akaendelea meya, "kila mtu amwonyeshe Bwana Sigvald kwamba tunampenda."

"Tunampenda tangu lini?" Oddrun akauliza.

"Tangu leo, Oddrun! Na wewe utaanza kusafisha njia ya kwake kabla ya nyingine zote."

"Naanza na wazee."

"Dada yangu, hivi unajua mshahara wako unatoka wapi?"

"Hapa halmashauri. Na mwezi uliopita ulichelewa."

Ukumbi ukacheka, meya akanywa maji, mkutano ukafungwa.

Ndipo kikaanza kipindi ambacho watu wa Tussvik hadi leo hawapendi kukumbushwa. Keki zilipanda mlimani kama zimepewa miguu. Kwaya ilienda kumwimbia Sigvald siku ya kuzaliwa kwake chini ya dirisha, na walipogundua wamekosea tarehe, wakarudi wiki iliyofuata wakaimba tena. Klabu ya mpira ikaubatiza uwanja wake Uwanja wa Brattli. Mchungaji akaingiza kwenye sala ya Jumapili ombi maalumu kwa ajili ya "wale wanaobeba mizigo mizito kwa niaba yetu," na waumini wote wakageuka kumtazama Sigvald, ambaye alikuwa amesinzia.

Kibaya zaidi kilikuwa nyumbani kwa Oddrun mwenyewe. Aliingia jikoni akamkuta mumewe anapamba keki ya ghorofa, yenye krimu na forosadi na bendera ya taifa juu.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Bwana Sigvald," Tormod akajibu bila kuinua macho.

"Mimi ulinipikia keki ya ghorofa lini?"

"Mke wangu, wewe ungekuwa unalipa nusu ya kodi ya kisiwa, ningekupikia hata ya ghorofa tano."

Oddrun alichota krimu kwa kidole, akalamba. "Sukari imezidi," akasema, akatoka. Lakini iliuma. Alikuwa ameamka kabla ya majogoo majira ya baridi yote ya maisha yake ili wazee wapate gari la wagonjwa na watoto wapate basi, na hakukumbuka hata mtu mmoja aliyemletea andazi.

Siku chache baadaye akakutana na Sigvald nje ya posta. Tajiri alikuwa amenawiri hadi vifungo vya koti vinalia.

"Oddrun," alisema, "ni wewe tu ambaye hujaniletea kitu."

"Umenenepa."

Sigvald alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Mtu wa kwanza kuniambia ukweli tangu mwezi wa kumi! Hata daktari ananiambia napendeza."

"Daktari anaogopa kufungiwa zahanati."

"Lakini bado nitaondoka," Sigvald akasema, akijaribu kurudisha uso wa kazi. "Wakinipikia hivi, ina maana wanajua wananinyonya."

Na kweli, baada ya mwaka mpya ikasikika kwamba amepata nyumba kando ya ziwa huko Uswisi, na amepanga siku ya kwenda kutia sahihi. Siku ile ilipofika, theluji ilianguka kama iliyotumwa. Ilianguka usiku kucha, asubuhi ikakuta magari yamegeuka vichuguu. Oddrun alikuwa anapasha injini moto simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa meya.

"Oddrun mpenzi," Ragnfrid alisema kwa sauti ya chini, "leo usipande kwa Sigvald."

"Si ulisema nianze naye?"

"Ile ilikuwa zamani! Leo anawahi pantoni ya saa sita. Asipoipata, ndege inamwacha, mambo ya sahihi yanakwama, labda atabadili mawazo. Leo greda limeharibika."

"Halijaharibika."

"Basi liharibu!"

"Ragnfrid," Oddrun akasema, "nitapanda kwake zamu yake ikifika. Siyo kabla, siyo baada." Akakata simu, akafungua mapazia, akaondoka.

Akasafisha kwa wazee. Akasafisha njia ya basi. Akasafisha kwa daktari. Kisha akaanza kupanda mlima, theluji ikiruka pembeni kama povu. Pale juu akamkuta Sigvald Brattli amesimama katikati ya barabara, theluji magotini, amevaa viatu vya kung'aa vya mjini, masanduku mawili kando yake. Gari lake la umeme lilikuwa limezama hadi kwenye vioo. Mke wake, Gudlaug, mama mnene mpole ambaye watu walimjua kwa kuimba sauti ya pili kwenye kwaya na si kwa jingine lolote, alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, anamtazama mumewe kama mtu anayeangalia televisheni.

"Nipeleke pantoni!" Sigvald akapiga kelele.

"Hili si teksi."

"Nitakulipa!"

Oddrun akafikiri kidogo. "Mimi nalipwa na halmashauri. Halmashauri inalipwa na wewe. Basi umeshalipa, panda."

"Na mimi nakuja," Gudlaug akasema, akaweka kikombe chini. "Nataka nimuage vizuri."

Wakabanana watatu kwenye kiti cha mbele, Sigvald katikati, sanduku moja mapajani, lingine limefungwa nyuma kwa kamba. Greda likashuka polepole. Joto lilipowaingia, ulimi wa Sigvald ukafunguka.

"Nieleze, Oddrun. Katika kila kroni kumi za kodi ya utajiri zinazoingia kisiwa hiki, sita ni zangu. Watu elfu moja na ushee wanakula nne zilizobaki na sita zangu pia. Hiyo ni haki?"

"Mimi nikipata kumi, natoa tatu," Oddrun akasema. "Zinakatwa kabla sijaziona. Wewe ukipata kumi unatoa ngapi?"

Sigvald akakohoa. "Inategemea kumi zipi."

"Kumbe zako ziko za aina aina?"

"Sikiliza, mama. Mali yangu siyo hela kwenye soksi. Ni samaki, ni boti, ni minyororo. Siwezi kukata kipande cha boti nikampelekea Ragnfrid. Mwaka jana samaki waliugua, tukapata hasara. Kodi iliugua? Haikuugua! Nililazimika kutoa hela kwenye kampuni ili nilipe, hela ambayo ningenunulia nyavu na kuajiri watu."

Oddrun akabadili gia. Hakupenda neno lile, lakini lilikuwa na mantiki, na kwa kuwa hakujua kusema uongo akalitoa kama mtu anayetema dawa chungu: "Hapo una hoja."

Sigvald akajinyoosha kwa furaha, kichwa kikagonga paa.

"Lakini mashimo haya tunayorukaruka ni ya malori yako," Oddrun akaendelea. "Na wale wanaoendesha malori walisoma shule ya hapa. Na mama yako alikufa nyumba ya wazee akilishwa uji na Tormod kwa kijiko. Sasa Uswisi watakuja kuziba mashimo?"

"Hilo nalo ni hoja," Gudlaug akasema, maneno yake ya kwanza tangu wapande. Akamgeukia mumewe. "Haya, baba. Kwa kuwa tunaongea ukweli, hebu mwambie Oddrun samaki ni wa nani."

Sigvald akaanza kuangalia kifuta kioo kilivyokuwa kinakwenda huku na huku.

"Mwambie."

"Ni wa familia," Sigvald akanong'ona.

"Ni wangu," Gudlaug akasema kwa utulivu. "Marehemu baba yangu alianza na kizimba kimoja cha mbao. Hisa aliniachia mimi. Alisema Sigvald ni meneja hodari, ila viatu vyake vinang'aa mno."

Wote watatu wakatazama viatu vya Sigvald, vilivyokuwa vinavuja maji.

"Lakini gazetini…" Oddrun akaanza.

"Mke na mume wanaruhusiwa kupanga utajiri wao wauandike kwa jina la nani. Yeye alipenda jina lake lisomwe. Nikamwachia, kama ninavyomwachia kukata nyama ya Krismasi. Akihama, jina linahama. Samaki wanabaki na mimi, na kodi inabaki na mimi, na mimi siendi popote. Pasaka tuna kwaya ya pamoja na watu wa bara."

Oddrun akakanyaga breki bila kukusudia. Greda likateleza, likageuka kidogo, likasimama limeelekea baharini.

"Yaani zile keki zote…"

"Zilikuwa zangu," Gudlaug akasema. "Na hata kipande hakunibakizia."

Sigvald akafunika uso kwa kofia. Oddrun alijaribu kujizuia. Hakuweza. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akaangukia usukani, honi ikalia, na kondoo wa zizi la jirani wakajibu.

Walipofika gatini, pantoni ilikuwa imetia nanga inasubiri, na barabarani alisimama Meya Ragnfrid na nusu ya kwaya, wameganda, pua nyekundu. Alipoona greda halikuharibika, alikuwa ameamua kujaribu kwa mara ya mwisho. Mikononi alibeba keki ambayo theluji ilikuwa imeiongezea tabaka la pili. Gudlaug akashusha kioo.

"Ragnfrid, keki ya nani hiyo?"

"Ya Bwana Sigvald," meya akasema, midomo ikitetemeka. "Tunamwomba afikirie tena."

"Ilete huku."

Na kwa kuwa kwaya iliambiwa ianze keki ikipokelewa, ikaanza. Wakaimba beti zote tatu za kumsihi Sigvald abaki, huku mke wake anakula keki yake kwa vidole dirishani, na Oddrun akiwapigia kelele katikati ya wimbo: "Nyamazeni! Mlipaji siye! Mlipaji ni Gudlaug! Mmempaka mafuta mtu siye!"

Ilichukua muda kueleweka. Ragnfrid aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili, kisha akakaa kwenye sanduku la Sigvald.

"Kwa hiyo Sigvald akiondoka, bajeti…"

"Hainyeshewi hata tone," Gudlaug akasema, akilamba krimu.

Uso wa meya ukapita rangi zote, ukaishia kwenye tabasamu. Akainuka, akapiga mikono theluji ikaanguka. "Bwana Sigvald," akasema kwa adabu kubwa, "safari njema."

Hapo ndipo Oddrun alimhurumia. Sigvald aliteremka, akachukua masanduku yake, na hakuna aliyemsaidia kubeba, watu walewale waliomwimbia dakika chache zilizopita. Angeweza kurudi nyumbani, lakini alikuwa ameshatangaza mbele ya friji la maziwa, na mwanaume wa Tussvik akishatangaza ameisha. Oddrun akashuka, akamshikia sanduku moja hadi kwenye ngazi ya pantoni.

"Usikae sana," akamwambia. "Huku nani atanikasirisha?"

"Kweli utanikosa?"

"Kidogo," Oddrun akasema. Kwake ilikuwa kama shairi zima.

Sigvald alikaa Uswisi hadi theluji yetu ilipoanza kuyeyuka. Alikuwa akimpigia mkewe kila siku, kwanza akisifu ziwa, halafu akilalamikia bei ya kahawa, mwisho akauliza tu kwaya inaendeleaje. Mtaa mzima aliokaa ulikuwa wa matajiri, akasema, na wote walimzidi. Kule alikuwa maskini wao. Hakuna aliyemgeukia hata kanisani. Akarudi bila tarumbeta, amepungua, Gudlaug akamrudisha kwenye umeneja kwa mshahara. Uwanja wa mpira ulikuwa umeshabadilishiwa jina.

Halmashauri, kwa upande wake, haikujifunza sana. Keki zilibadili njia tu, zikaanza kumfuata Gudlaug. Gudlaug akaja kwenye kikao cha baraza, akasimama, akasema, "Jamani, mimi sina mpango wa kuhama. Lakini nina umri, nina sukari, na ninyi mnaniletea keki. Mmetegemeza nyumba ya wazee na bwawa kwa mama mmoja mtu mzima. Nikifa je?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Baraza likashikwa na hofu mpya. Wiki iliyofuata daktari akaanza kupanda mlimani kumpima sukari bila kuitwa, na wanakwaya wakamwekea zamu ya kumtembeza kila jioni, wawili kulia, wawili kushoto, asije akateleza.

Gudlaug akamkimbilia Oddrun. Majira ya kiangazi Oddrun hukata majani makaburini, na sauti ya mashine ile inafukuza kila mtu, kwa hiyo palikuwa mahali pekee ambapo Gudlaug aliweza kukaa bila kutembezwa. Alikaa kwenye jiwe la kaburi la baba yake, akasubiri mashine izimwe.

"Oddrun, wewe hujui kusifia. Niambie. Unaona ninalipa vya kutosha?"

Oddrun akafuta jasho, akaangalia hori, vile vizimba vya duara vimepangika majini kama vifungo. "Sijui," akasema. "Unalipa nyingi kuliko sisi wote. Na unabakiwa na nyingi kuliko sisi wote. Vyote viwili ni kweli, na mimi kichwa changu kinauma nikivishika pamoja."

"Na changu pia," Gudlaug akasema. Akang'oa jani, akalitafuna. "Na wewe unaona unalipwa vya kutosha?"

"Hapana."

"Umemwambia Ragnfrid?"

"Nimemwambia. Akaniambia nije nikuulize wewe unajisikiaje kiafya."

Gudlaug alicheka hadi miwani ikamwanguka kwenye maua ya kaburi. Kikao kilichofuata alisimama tena, akasema halmashauri ikiwa na hela ya kumpima sukari mtu ambaye hajaita daktari, basi ina hela ya kuwaongezea madereva. Hakuna aliyethubutu kubisha. Nyongeza ikapita kwa sauti moja, Tormod akaoka keki ya ghorofa, na safari hii aliiweka mbele ya mkewe.

Oddrun alipopata hati ya mshahara mpya aliisoma mara mbili. Kodi ilikuwa imeshachukua sehemu yake. "Wameniongezea ili wanikate vizuri," akasema, mdomo umejaa keki. Kisha akakata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, na Tormod, aliyemfahamu miaka yote hiyo, akajua kwamba kwa mara ya kwanza sukari haikuzidi.